Wanafunzi wakimaliza kupima Kibera, ramani inabaki na nani?

Mpwa wangu anasomea upangaji wa miji katika chuo kimoja jijini Nairobi. Alipokuja Mombasa likizo iliyopita alikuwa na viatu vya mpira ambavyo dadangu alikataa viingie ndani, maana matope yake yalikuwa bado hayajatoka. Alikuwa amemaliza mafunzo ya nyanjani: wiki sita Kibera na nyingine nne Kawangware. Nikamuuliza amejifunza nini, nikidhani nitasikia habari za kompyuta na michoro. Akanijibu, "Mjomba, nimejifunza kuulizwa maswali."

Siku yao ya pili Kibera, katika kijiji cha Silanga, walimkuta bibi mmoja anakaanga samaki kando ya njia. Walimsalimu, wakajitambulisha, wakatoa simu zilizokuwa na orodha ya maswali: mko wangapi nyumbani, maji mnateka wapi, kodi ni kiasi gani. Bibi akawatazama akasema, "Na nyinyi ni kundi la ngapi? Wale wa mwaka jana walisema watarudi." Hakuwa mkali. Aliwajibu yote waliyouliza, na samaki akawauzia. Lakini kijana huyu anasema swali lile lilimkaa kichwani kuliko lolote alilofundishwa darasani.

Nami limenikaa. Hapa Pwani tunapigia kelele vijana wetu wapate mafunzo ya vitendo, na ni haki yetu kupiga kelele. Mhandisi ambaye hajawahi kuona mtaro ukifurika hatatujengea mtaro. Ila hatuulizi upande wa pili: yule anayefanyiwa mazoezi anapata nini?

Kibera huenda ndio mtaa wa mabanda uliotembelewa na watafiti wengi kuliko mwingine wowote katika Afrika Mashariki. Uko karibu na katikati ya jiji na karibu na ofisi za mashirika, na mgeni wa kutoka Ulaya anaweza kwenda asubuhi akarudi hotelini kula chakula cha mchana. Pamoja na kutembelewa kote huko, kwa miaka mingi dunia iliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine wakapandisha hadi zaidi ya hapo. Sensa ya 2009 ilipotoka ikasema watu 170,070. Wapo waliobishana na hesabu hiyo, na sensa yoyote ya mitaa kama hii ina mapengo yake. Lakini kati ya laki moja na sabini na milioni kuna tofauti ambayo haielezwi na mapengo. Ile milioni ilirudiwa na kila mtu kwa sababu hakuna aliyekuwa ameketi na wenyeji akahesabu nyumba kwa nyumba, na pia, tuseme kweli, kwa sababu idadi kubwa inavutia fedha.

Ramani nayo ilikuwa hivyo hivyo. Hadi 2009, ukifungua ramani za kawaida za Nairobi, pale penye Kibera palikuwa patupu, kama vile ni msitu au ziwa. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe, wakishirikiana na Mikel Maron na Erica Hagen, walizunguka na vifaa vya GPS wakaweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap vyoo, zahanati, shule, misikiti, makanisa na mifereji ya maji. Kazi hiyo ilipewa jina Map Kibera. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliopima walikuwa ndio wakaaji. Kijana wa Lindi anajua choo kipi kimefungwa tangu mwaka juzi na mwenye ufunguo ni nani. Mwanafunzi wa wiki sita anaona mlango tu.

Mpwa wangu anasema funzo la kwanza lililomtoa jasho lilikuwa la udongo: huu ni wa nani? Alidhani Kibera na Kawangware ni kitu kimoja, kwa kuwa zote ni mabati, zote zina mitaro iliyoziba, na katika zote anayelala ndani ni mpangaji anayelipa kodi kila mwezi. Alipoanza kuuliza akakuta ni mitaa miwili tofauti kabisa.

Kibera, au Kibra kama wanavyoitamka wenyewe Wanubi, ilianza mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni ilipowaweka hapo askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi, ekari zipatazo 4,197. Wanubi waliishi hapo vizazi baada ya vizazi bila hati, wakajenga nyumba ambazo mtu wa Old Town au Majengo akiziona atahisi yuko nyumbani, wakajenga msikiti pale Makina. Ardhi iliyobaki ikawa ya serikali, ikamegwa kidogo kidogo kujenga mitaa ya watu wenye uwezo. Walipopata hati ya jamii hatimaye, mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Kwingine kote Kibera, mwenye banda anamiliki mbao na mabati tu, kwa ruhusa iliyotolewa zamani na chifu au mzee wa mtaa. Udongo si wake.

Kawangware ni hadithi nyingine. Ile ni sehemu ya Dagoretti, iliyokuwa ndani ya ardhi ya Wakikuyu wa Kiambu kabla mipaka ya Nairobi haijapanuliwa mwaka 1963. Ukoloni ulipokusanya mashamba na kugawa hati katika miaka ya 1950, familia za hapo zilipata hati za kumiliki moja kwa moja. Baba akagawia wana, wana wakagawia wajukuu, na kila kipande kikajengwa vyumba vya kukodisha. Leo ukishuka mwisho wa matatu namba 46, ukiwa jirani kabisa na majumba ya Lavington, unaingia katika mtaa wa mabanda ambao karibu kila kiwanja kina mwenyewe mwenye karatasi.

Sasa chukua zoezi alilopewa mpwa wangu: panua njia iwe ya mita tatu ili gari la wagonjwa lipite. Darasani ni mistari miwili. Kibera, tatizo lake ni kwamba wenye mabanda watakaoguswa hawana hati, kwa hiyo serikali inaweza kuwaondoa bila kuwalipa, na ndicho wanachokiogopa wanapoona kijana ameshika utepe wa kupimia. Kawangware ni kinyume. Wenye viwanja wana hati, na yeyote kati yao akikataa, njia imeishia kwake. Kaunti ikitaka kupita ni lazima ifuate taratibu za kutwaa ardhi na ilipe fidia. Mzee mmoja wa Kawangware aliwaambia vijana wale, kwa upole, kwamba ploti yake ina vyumba 14 na kila mita wanayoitaka ni chumba, na kila chumba ni karo ya mjukuu. Mama aliyepanga chumba hicho hakuulizwa na yeyote. Njia ikipanuliwa atahama, isipopanuliwa atakaa na moshi.

Hapo ndipo nilipoona faida halisi ya kuwapeleka wanafunzi mitaani. Kijana yule hatasema tena kwamba mitaa ya mabanda inahitaji mpango mmoja. Somo hilo lilimgharimu wiki kumi tu, na wapo maafisa waliostaafu bila kulipata.

Mfano mzuri zaidi wa wanafunzi walioingia Kibera wakabaki ninaoujua ni wa Kounkuey Design Initiative. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2006 na wanafunzi sita wa shule ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, akiwemo Mkenya, Arthur Adeya. Hawakuanza kwa kuchora. Walikutana na vikundi vya wakazi, wakachagua mahali pa kwanza ukingoni mwa kijito karibu na Bwawa la Nairobi, mahali palipokuwa jaa la taka na pakifurika kila masika. Wakazi walitaka mambo mengi yasiyo ya usanifu: maji, mahali pa watoto kucheza, pesa ya kuingia mfukoni. Basi palijengwa kingo za mawe na waya kuzuia mto, banda la mikutano, uwanja wa watoto, vyoo, na vibanda vya biashara. Kikundi cha kina mama wakasuka vikapu kwa magugu maji ya bwawa lile lile. Kutoka hapo walikwenda mahali pengine Kibera, na pengine tena.

Nasema waliobaki, na hilo ndilo neno. Mawazo yale yangewekwa kwenye karatasi ya mtihani yangepata alama nzuri, yakafa. Yaliishi kwa sababu kulikuwa na kikundi cha wakazi kilichokabidhiwa vyoo na banda, kikatoza ada ndogo, na kikapaswa kujibu bomba linapopasuka. Hata hivyo sitaki kuwapaka watu hawa mafuta kupita kiasi. Uwanja mmoja wa watoto haukupi hati ya ardhi, na mto ukiamua kufurika kama ulivyofurika Aprili na Mei 2024, ukingo wa mita hamsini haulindi kijiji kizima. Baada ya mafuriko yale serikali iliamuru watu waondoke kingo za mito, na tingatinga zikaingia katika mitaa ya mabanda jijini.

Na tingatinga ndizo zinazonirudisha kwenye suala la kuhesabu. Linganisha matukio mawili ya Kibera. Mwaka 2004 Shirika la Reli lilitoa ilani kwa watu waliojenga kando ya reli, Kibera na Mukuru, waondoke. Muungano wa Wanavijiji, ambao ni shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulipinga. Badala ya kubomoa, maafisa walikwenda hadi Mumbai, India, kuona jinsi wenzao walivyowahamisha watu wa kando ya reli kwa makubaliano. Wakazi wakahesabiwa, banda kwa banda, majina yakabandikwa hadharani ili aliyesahauliwa alalamike. Ilichukua miaka mingi, na Benki ya Dunia ikachangia, lakini nyumba na vibanda vya biashara vilijengwa kando ya reli na familia zikahamia.

Tukio la pili ni la Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipokatishwa ndani ya Kibera. Mazungumzo ya kuwahesabu wakazi na kuwapangia pa kwenda yalikuwa yameanza. Asubuhi ya tarehe 23 tingatinga zilifika. Nyumba, makanisa na shule zikaenda chini kwa siku moja na maelfu ya watu wakalala nje. Barabara leo inapitika, na mwenye gari anaishukuru. Lakini ukimwambia mkazi wa Kibera kwamba takwimu ni kwa faida yake, atakukumbusha mwaka huo.

Kwa hiyo bibi wa Silanga ana haki ya kuuliza. Orodha ya majina inaweza kuwa ngao au inaweza kuwa kisu, kulingana na nani ameishika. Vyuo vyetu vinalijua hili. Mwaka 2010 umoja wa vyuo vinavyofundisha upangaji barani Afrika ulitia saini makubaliano na shirika la kimataifa la wakazi wa mitaa ya mabanda, SDI, kwamba wanafunzi wafundishwe pamoja na wakazi, mitaani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya hivyo Mathare, kikishirikiana na Muungano na Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadaye kazi kubwa kuliko zote ikaja Mukuru, ambako kaunti ilitangaza eneo maalum la kupangwa mwezi Agosti 2017: familia zipatazo laki moja, mashirika zaidi ya arobaini, na wakazi walioketi kwa makundi ya nyumba kumi kumi wakituma wawakilishi wao juu hadi ngazi ya mtaa. Huko wanafunzi walikuwa mikono, wala hawakuwa kichwa. Mpango wenyewe ulikuwa na mlinzi wa kisheria: eneo likishatangazwa, ujenzi unasimamishwa kwa muda na kaunti inalazimika kujibu.

Kibera na Kawangware hazikupata tangazo kama hilo mwaka huo. Kibera ilipata miradi ya nyumba za serikali. Mwaka 2009 familia za kwanza za Soweto Mashariki zilihamishiwa magorofa ya muda Lang'ata, familia tofauti zikitumia jiko moja na choo kimoja ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nyumba 822 zilizojengwa pale walipotoka zilikabidhiwa mwaka 2016, miaka saba baadaye. Kuna waliozikodisha kwa wenye kipato kikubwa zaidi wakarudi kwenye mabati. Kawangware haikupata hata hilo, kwa kuwa serikali haina ardhi pale. Kinachoendelea Kawangware ni upangaji wa mfuko: mwenye kiwanja akipata mkopo anabomoa mabati anapandisha gorofa, na mpangaji anasogea Kabiria au Waithaka kutafuta chumba cha bei aliyoizoea.

Yanatuhusu nini sisi wa Pwani? Yanatuhusu kwa sababu tunayo aina ya tatu ya udongo ambayo haipo Kibera wala Kawangware, na hakuna anayewafundisha vijana wetu. Hapa kwetu mtu anaweza kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Nyumba ni yake, aliijenga babu yake, imeezekwa makuti na baadaye mabati, lakini ardhi ni ya mwingine na kila mwezi anatoa kodi ya kiwanja. Nusu ya ninaowajua Majengo na Kongowea wamekulia katika nyumba za namna hiyo. Mzizi wake ni sheria ya hati za ardhi ya Pwani ya mwaka 1908, iliyoandikisha ardhi kwa majina ya wachache na kuwaacha wengi wakiwa wapangaji juu ya ardhi waliyoizaliwa. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi Kawangware akija Mishomoroni na maarifa yale yale ataomba ruhusa kwa mwenye hati, na mwenye nyumba atasikia habari siku ya kubomolewa. Akija na maarifa ya Kibera atadhani ni ardhi ya serikali. Kote kuwili atakuwa amekosea.

Nilipomwambia hayo mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema hawakufundishwa kabisa habari ya nyumba bila ardhi. Kijana aliyezaliwa Likoni! Vijana wengi wa Pwani wanaosoma taaluma hii wanaisomea Nairobi, na mitaa ya mazoezi inakuwa ile iliyo karibu na chuo. Mpango mkuu wa mji wa Mombasa uliomalizika 2018 kwa msaada wa Wajapani wa JICA umejaa bandari, barabara na eneo maalum la Dongo Kundu. Sina ugomvi na bandari, inatulisha. Ila wa kuingia Ziwa la Ng'ombe, Muoroto na Bangladesh kule Jomvu akachora nani anamlipa nani kodi ya kiwanja, bado hatujamlea.

Serikali zetu za kaunti zinaweza kulianza hili bila kungoja Nairobi. Zichukue wanafunzi kila mwaka, ziwaweke chini ya afisa mpangaji na kamati ya mtaa, na kazi wanayoifanya iingie kwenye mpango wa kaunti badala ya kabati la mhadhiri. Sheria ya upangaji wa ardhi ya 2019 inaruhusu kaunti kutangaza maeneo maalum ya kupangwa. Mombasa au Kilifi ikitangaza mtaa mmoja tu, wanafunzi watakuwa na mahali pa kujifunza na wakazi watakuwa na kinga wakati wanapopimwa. Na kuna sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2019, ya ulinzi wa data, ambayo watu wengi wanaidhania ni ya mambo ya simu. Inampa yule anayehojiwa haki ya kujua habari zake zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Bibi wa Silanga hakuisoma, lakini alichouliza ndicho hicho.

Nina wasiwasi mmoja. Chuo kikilazimishwa kurudisha ramani kwa kila mtaa, kuna wahadhiri watakaoona ni usumbufu na kuwarudisha wanafunzi kwenye kompyuta. Mafunzo ya nyanjani yana gharama: nauli, bima, chakula cha mchana, mwenyeji wa kuwaongoza anayestahili kulipwa. Mwongozaji wa mpwa wangu Kibera alikuwa kijana wa pale pale anayejua kila kichochoro, na wiki sita zote malipo yake yalikuwa ni soda na ahadi ya barua ya mapendekezo. Wanafunzi ndio waliochanga mwishowe wakampa kitu. Kama hesabu ya chuo haina nafasi ya mtu huyo, basi hesabu hiyo ina kasoro, maana bila yeye wasingevuka hata reli.

Kikundi chao kilikubaliana jambo moja kabla ya kuondoka. Walichapisha ramani ya vijia na mitaro waliyoipima, karatasi kubwa moja, wakaipeleka Silanga Jumamosi moja kwa nauli zao. Bibi wa samaki aliitazama muda mrefu, akaomba kalamu. Mfereji wa maji waliuweka upande usio wake wa njia, akaufuta akauchora anapojua yeye. Kisha akauliza ile ya Kawangware wamempelekea nani. Walikuwa hawajaipeleka.